Kofia ya jino imetoka mara mbili: saruji ni mbovu, au ni pale inapobandikwa?

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Usa River, Arusha. Mwaka jana nilivalishwa kofia nyeupe kwenye gego la chini lililokuwa limekatika ubavu. Niliambiwa kofia ni ya zirkonia, aina ya kauri ngumu. Miezi kadhaa baadaye ikatoka nikiwa natafuna muwa. Saruji yote ilikuwa imebaki ndani ya kofia, jino likawa tupu. Wakairudisha siku hiyohiyo, kazi haikuchukua hata dakika kumi. Wiki chache mbele ikatoka tena, ila safari hii saruji ilibaki kwenye jino na kofia ilikuwa inang'aa ndani. Jino huwa linauma nikinywa baridi, kwa hiyo napaka mafuta ya karafuu. Daktari mwingine anataka kuipiga kofia mchanga na kulisugua jino, labda na kulipaka asidi. Asidi naiogopa, maana meno yangu tayari ni ya kahawia kwa sababu ya maji ya huku. Kuna mtu aliniambia meno ya hivi hayashiki saruji. Dada yangu aliyeko Muscat anasema atanitumia saruji kali. Nifanye nini?

JIBU

Marahaba, na pole kwa usumbufu. Umefanya jambo ambalo wagonjwa wengi hawalifanyi: uliitazama kofia kabla ya kuipeleka. Wengi huisugua kwanza kwa mswaki ili wasimwaibishe daktari kwa uchafu, na ushahidi wote unakwenda na maji. Wewe umeniambia saruji ilibaki wapi, na hilo linanisaidia kuliko jina la saruji yenyewe.

Kofia iliyobandikwa ina maungio mawili. Upande mmoja saruji imeshika jino, upande wa pili imeshika kofia, na ikitoka huwa imeachia pale palipo dhaifu zaidi. Mara ya kwanza saruji ilikwenda na kofia, jino likabaki tupu. Hapo ungio la jino ndilo lililoachia. Mara ya pili saruji ilibaki kinywani na kofia ikang'aa ndani, maana yake jino lilikuwa limeshikwa vizuri, kofia ndiyo iliyochomoka. Jino ni lilelile na kofia ni ileile, lakini chanzo cha mara ya kwanza sicho cha mara ya pili, na saruji kali kutoka popote isingezuia hata moja kati ya hizo mbili. Ingekuwa saruji imekatika katikati, nusu huku nusu kule, hapo ningeanza kuituhumu yenyewe: ilichanganywaje, ilipitwa na muda, ulifumbua mdomo kabla haijaganda?

Sijakiona kinywa chako, kwa hiyo aliye mbele yako na kioo mkononi ndiye mwenye neno la mwisho. Lakini kwa hayo uliyoeleza, huyo daktari anayetaka kupiga mchanga na kusugua anaonekana ameusoma ushahidi uleule ninaousoma mimi.

Tuanze na upande wa jino.

Jino likishachongwa, kwa macho linaonekana limetakata. Sivyo lilivyo. Kichwa cha almasi kinapolisaga kinaacha juu yake tope jembamba la vumbi la jino, protini na bakteria, lililokandamizwa usoni na kuziba vitundu vyote. Unene wake ni maikromita 1 hadi 2 tu, yaani sehemu moja au mbili za elfu za milimita, na kusuuza kwa maji hakulitoi. Saruji ikiwekwa hapo inashika tope, na tope lenyewe halikushika sana chochote. Fundi ujenzi analijua jambo hili bila kufundishwa chuoni: hapigi lipu juu ya zege laini lenye vumbi, kwanza hulipigapiga kwa nyundo, akalifagia na kulimwagia maji.

Shida ni kwamba jino si ukuta mmoja. Enameli, ule ugumu wa nje, ni madini kwa takriban asilimia 96 ya uzito wake. Dentini iliyo chini yake ina madini asilimia 70 hivi, kolajeni (nyuzi za protini) asilimia 20 na maji asilimia 10. Imejaa mirija midogo mno inayotoka kwenye kiini cha jino, karibu 20,000 katika kila milimita moja ya mraba upande wa nje, na zaidi ya mara mbili ya hiyo ukikaribia kiini. Ndani ya mirija hiyo mna majimaji yanayosukumwa kutoka ndani ya jino hai. Ndiyo sababu maji baridi yanakuchoma kofia ikiwa imetoka, na ndiyo sababu dentini ya jino hai haikauki ikabaki kavu hata uipulizie upepo vipi. Gego lako lilipochongwa ili livae kofia, enameli karibu yote iliondoka. Labda umebaki ukanda mwembamba pembezoni, karibu na fizi. Kwa hiyo saruji yako inakaa juu ya dentini, na dentini ina masharti.

Aliyetufungulia njia ni Michael Buonocore, daktari wa meno aliyefanya kazi Rochester, jimbo la New York. Alijua kwamba viwandani watu hupaka chuma asidi ya fosforasi ili rangi ishike, akajiuliza kwa nini lisifanyike hivyo kwenye jino. Mwaka 1955 alichapisha majibu: alipaka enameli asidi hiyo, yenye nguvu ya asilimia 85, kwa sekunde 30, akaosha, akabandika resini, yaani plastiki inayowekwa ikiwa laini kisha ikaganda. Ilidumu kupita mbali ile iliyobandikwa bila asidi. Asidi haikuwa gundi. Iliuchimba tu uso wa enameli ukawa na vishimo visivyoonekana kwa macho, resini ikaingia humo na kugandia humo. Leo tunatumia asilimia 35 hadi 37, na sekunde 15 hadi 30 zinatosha.

Dentini ilichelewa sana kukubali. Ilibidi kusubiri watafiti wa Japani, Fusayama mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha Nakabayashi aliyeonyesha mwaka 1982 kwamba resini ikipenya katikati ya nyuzi za kolajeni inafanya tabaka la mchanganyiko, nusu jino nusu resini. Hapo ndipo mkono wa daktari unapopimwa. Asidi ikiondoa madini, nyuzi za kolajeni zinabaki zikielea majini. Ukizipulizia upepo mpaka zikauke, zinalala na kushikana, resini haina pa kupita. Ukiacha maji yametuama, resini inachujuka. Kinachotakiwa ni uso wenye unyevu, unaometa kidogo bila maji kusimama popote. Tofauti kati ya kazi ya miaka kumi na kazi ya miezi sita wakati mwingine ni sekunde tatu za upepo wa ziada.

Sasa, kila saruji ina uso inaoupenda, na hapa ndipo wagonjwa (na madaktari wenye haraka) wanapochanganya mambo. Zinki fosfeti, saruji ya kizamani iliyotumika kwa zaidi ya miaka mia moja, haiungani na jino kikemikali hata kidogo. Inajaza nafasi na kukwama kwenye mikwaruzo, basi. Ukiwa na kisiki (jino linalobaki baada ya kuchongwa) kirefu chenye kuta zilizosimama, itakaa hadi uzeeni. Glasi ayonoma, iliyobuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent mwishoni mwa miaka ya 1960, inaungana na kalsiamu ya jino yenyewe. Kwa sababu hiyo haitaki asidi kali ya fosforasi kwenye dentini, maana utakuwa umeiondolea kalsiamu inayoitafuta. Inapakwa asidi laini ya poliakriliki, asilimia 10, sekunde 10 hadi 20, tope linaondoka na kalsiamu inabaki. Saruji za resini zinazotumia gundi yake pembeni ndizo zinazofuata njia ya Buonocore na wale Wajapani, hatua kwa hatua. Halafu zipo resini zinazojibandika zenyewe bila gundi ya pembeni, zilizoanza kuuzwa miaka ya 2000. Hizi watu huzipenda kwa wepesi, na hapo ndipo penye mtego: ukiipaka dentini asidi ya fosforasi kabla ya kuziweka, mshiko unapungua. Ni nzito, haziwezi kupenya hadi chini kwenye zile nyuzi ulizozifunua. Kwenye enameli peke yake asidi inazisaidia, kwenye dentini inazidhuru.

Kwa hiyo mgonjwa akiniuliza kama asidi ni nzuri au mbaya, siwezi kumjibu mpaka aniambie ni kwa saruji gani na inapakwa juu ya nini.

Turudi kwenye kofia yako ilipotoka mara ya kwanza. Kati ya siku jino lilipochongwa na siku kofia ilipofika kutoka maabara, bila shaka ulivalishwa kofia ya plastiki ya muda. Hiyo hubandikwa kwa saruji ya muda, na saruji ya muda iliyozoeleka kliniki nyingi ni ya zinki na yujino. Ukiingia kliniki ukasikia harufu ya karafuu, ndiyo hiyo. Yujino ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, hayahaya yanayokamuliwa Pemba. Inatuliza jino lenye maumivu, na kwa kazi hiyo sina ugomvi nayo. Lakini resini huganda kwa mnyororo wa kemikali, na yujino inaukata mnyororo huo. Mabaki kidogo tu yakibaki kwenye dentini, resini iliyo karibu na jino inabaki laini, haikomai, wakati ile iliyo upande wa kofia imeganda sawasawa. Matokeo yake ni yale uliyoyaona: saruji yote ndani ya kofia, jino tupu. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa kwako, maana mate au damu ya fizi vinaweza kuleta picha ileile, na upepo uliozidi pia. Nasema ndiyo mahali pa kwanza ningepatazama.

Na mafuta ya karafuu unayopaka nyumbani? Yaache kuanzia leo, au kama ulipaka, mwambie daktari kabla hajaanza. Usione aibu. Akijua, atalisugua jino vizuri zaidi, au atachagua glasi ayonoma ambayo haisumbuliwi na yujino kama resini.

Kusugua kwenyewe kukoje? Daktari anayefanya kazi vizuri hukwangua kwanza mabaki yote ya saruji ya zamani kwa kifaa cha mkono, polepole, akizunguka kisiki chote, hasa kwenye kona za chini karibu na fizi ambako mabaki hujificha. Kisha huchanganya unga wa pamisi na maji matupu, akausugua kwa brashi ndogo inayozunguka taratibu. Maji matupu, si dawa ya kusafishia meno yenye mafuta au floridi na ladha ya mnanaa, kwa sababu mafuta yake yanabaki usoni. Akiosha, huweka pamba pande zote mbili au hufunika kinywa kwa karatasi ya mpira inayotoboka mahali pa jino tu. Kama fizi inatoka damu, huisimamisha kwanza, halafu huiosha dawa ya kusimamishia damu, kwani nayo ikibaki inachafua uso. Mate yakigusa jino baada ya hapo, hata kwa nukta moja, anarudi nyuma hatua. Protini za mate hujibandika kwenye jino ndani ya sekunde chache. Mgonjwa unaweza kusaidia hapa: ukitaka kumeza au kukohoa, inua mkono, usifunge mdomo.

Hayo yote hayafanyiki ndani ya dakika kumi pamoja na salamu.

Mara ya pili, tatizo limehamia kofia. Inaelekea safari hii walilisafisha jino vizuri, ila ndani ya kofia waliitoa saruji ya zamani tu, wakaosha, wakabandika. Kwa kofia ya chuma au ya kioo kosa hilo lina madhara yake, lakini zirkonia haisamehi kabisa. Kofia za kioo, zile zenye silika ndani yake, hupakwa asidi ya hidrofloriki maabara au kliniki, ikazichimba, kisha zikapakwa sileni inayoziunganisha na resini. Zirkonia haina kioo ndani. Asidi hiyo haiichimbi, na sileni haina cha kushika. Ni ngumu, laini na haina hamu ya kushikwa na chochote. Inachotaka ni mambo mawili. La kwanza ni kupigwa unga wa alumina wa maikromita 50 kwa upepo wa shinikizo dogo, ili uso upate mikwaruzo na uchafu utoke. Hapo ndipo huyo daktari wako mpya aliposema "mchanga". La pili ni kemikali iitwayo MDP, iliyotengenezwa Japani mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo upande wake mmoja una fosfeti inayoipenda zirkonia na upande wa pili unaungana na resini. Iko ndani ya baadhi ya saruji na ndani ya vimiminika vya kupaka kabla.

Sasa angalia kinachotokea. Fosfeti ndiyo mkono wa MDP. Mate yamejaa fosfeti pia. Kofia ikijaribishwa kinywani, ikaguswa na mate, fosfeti za mate zinakalia zile nafasi ambazo MDP ingekaa. Kuosha kwa maji hakuziondoi. Mbaya zaidi, wapo wanaoisafisha zirkonia kwa asidi ya fosforasi ileile wanayopaka jino, kwa sababu iko karibu na inaonekana inasafisha. Asidi hiyo inamwaga fosfeti nyingine juu ya zirkonia. Kofia inatoka hapo inapendeza, nyeupe, inang'aa, na nafasi zote zimekaliwa. Tiba ni kuipiga mchanga baada ya kuijaribisha, si kabla yake, au kutumia dawa maalumu ya kusafishia kofia za namna hiyo, halafu kuipaka MDP bila kuigusa tena kwa kidole. Nimeshaona wasaidizi wema kabisa wakiipokea kofia iliyokwisha kutayarishwa na kuipangusa ndani kwa glavu, ili "isiwe na vumbi".

Kabla sijaja kwenye asidi na madoa yako, niseme neno moja kuhusu kisiki chenyewe, kwa sababu nikiliacha nitakuwa nimekudanganya. Saruji haikukusudiwa kubeba mzigo peke yake. Kisiki cha gego kinatakiwa kiwe na kimo cha angalau milimita 4, na kuta zake zisilale sana kuelekea juu. Gego lako lilikuwa limekatika ubavu. Ikiwa kisiki ni kifupi au kimechongeka mithili ya pia, basi kila utafunapo kofia inataka kupanda, na hata uso ukitayarishwa kwa ufundi wote utakuwa unashindana na umbo. Muulize daktari waziwazi: kisiki changu kina kimo gani? Akisema ni kifupi, resini yenye MDP ina haki ya kuchaguliwa, au jino lijengwe upya na kofia nyingine itengenezwe. Akisema kimo kinatosha, mimi binafsi ningeridhika na glasi ayonoma iliyoongezwa resini. Ni rahisi kuimudu, inavumilia unyevu kidogo, na jino lenye kuchomwa na baridi linaipokea vizuri. Madaktari wengine hawatakubaliana nami hapa, na wana hoja zao.

Hofu yako ya asidi. Ile ya fosforasi, ikikaa kwenye enameli kwa muda uliopangwa, huondoa kama maikromita 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, wakati enameli kwenye ncha za magego hufikia zaidi ya milimita 2. Kwenye dentini inafika maikromita chache tu, na muda wake ni sekunde 15, si zaidi. Inayodhuru ni ile iliyosahaulika usoni wakati daktari anajibu simu, au iliyopakwa kwenye dentini nyembamba karibu na kiini bila kinga. Hivyo usiikatae asidi. Uliza itapakwa wapi na kwa saruji ipi. Na kwa kuwa jino lako ni hai na linasumbuliwa na baridi, ni haki yako kuomba sindano ya ganzi kabla ya kusuguliwa.

Na hayo madoa ya kahawia? Kwa gego hili karibu hayahusiki. Madoa ya floridi, kama yale ya watu wengi waliokulia vijiji vinavyozunguka Mlima Meru, au kwa majirani zetu wa Nakuru na Naivasha, yanakaa kwenye enameli, na enameli ya gego lako iliondoka siku lilipochongwa. Aliyekuambia meno ya hivi hayashiki saruji amechukua ukweli wa meno ya mbele akauhamishia kwenye gego.

Kwa meno ya mbele ana kiasi cha ukweli. Floridi ikizidi wakati meno ya mtoto yanajengeka ndani ya taya, enameli inatoka na ngozi ya juu kabisa iliyoshiba madini, inayoikataa asidi, na chini ya ngozi hiyo kuna tabaka lenye vinyweleo na udhaifu. Sekunde 15 za asidi zinazotosha kwa mtu wa Tanga zinaweza zisifanye chochote kwenye jino kama lako. Daktari aliyezoea kanda hii hulikwangua kwanza kidogo tu lile tabaka la juu, au huiacha asidi ikae zaidi, hata dakika nzima, kisha huosha, hukausha na kutazama. Enameli iliyochimbika vizuri huwa nyeupe isiyong'aa, inafanana na chaki. Ikibaki inameta, haijachimbika, na hapo asibandike chochote bado. Siku ukitaka kubandikiwa vigae vya meno ya mbele au nyaya za kunyoosha, mweleze daktari ulikokulia, hasa kama kliniki yake iko mbali na huko. Na ukitanguliza kuyang'arisha kwa dawa, subiri kama wiki mbili kabla ya kubandika chochote, maana oksijeni inayobaki ndani ya enameli inaizuia resini kuganda.

Watoto wako, kama bado hawajafika miaka minane, bado wana nafasi ya kuepuka hayo. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi kwenye maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kituo cha Ngurdoto, hapo jirani yenu, kimefanya kazi miaka mingi ya kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa, kaulizeni huko.

Nimeeleza vifaa vingi hadi utadhani kutayarisha uso ni anasa ya kliniki zenye mashine. Sivyo. Njia ya kutibu meno yaliyotoboka kwa vifaa vya mkono peke yake, bila umeme, inayojulikana duniani kama ART, ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ikiongozwa na Mholanzi Jo Frencken. Shirika la Afya Duniani likaipigia debe mwaka 1994. Mhudumu ana kioo, vifaa vya kukwangulia, pamba na glasi ayonoma. Hata hivyo haruki hatua: anachovya kipamba chenye unyevu kwenye kimiminika cha saruji hiyohiyo, ambacho ni ile asidi laini, analisugua tundu kwa sekunde 10 hadi 15, analiosha kwa vipamba vya maji mara mbili au zaidi, analikausha kwa pamba na wala si kwa upepo. Kisha anachanganya na kuweka haraka, saruji ikiwa bado inang'aa. Ikishapoteza mng'ao, hailishiki jino tena, itupwe. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa muda huo ni mfupi kuliko maelezo ya kwenye kopo. Haya yanafanyika chini ya mwembe wa shule, na yanashika.

Dada yako mwambie asante, ila asitume. Saruji zinazouzwa Muscat zinapatikana Dar es Salaam na Nairobi, za kampuni zilezile. Nyingi zina masharti ya kuhifadhiwa mahali pa baridi, na sanduku lililokaa uwanja wa ndege juani linakuja limeharibika bila kuonyesha dalili. Zaidi ya hapo, daktari hufanya vizuri na saruji anayoijua kwa vidole vyake kuliko na kopo la zawadi.

Supaglu hukuitaja, lakini najua majirani watakushauri. Inaganda ikigusa unyevu, kwa hiyo itaganda kofia ikiwa haijakaa hadi chini. Utabaki na jino refu kuliko wenzake, linaloumia kila ukiuma, na kuitoa kunaweza kuhitaji kuikata kofia yenyewe. Iweke kofia kwenye kikopo kikavu, usiilalie ikiwa imelegea kinywani usije ukaimeza au ikakupalia, na usikae wiki nyingi bila kwenda. Jino la juu linaweza kushuka na majirani kusogea, kofia ikakataa kuingia. Ukienda, daktari atazame pia kama kisiki kimeanza kuoza tangu mara ya kwanza, maana hilo ni la kutibiwa kabla ya kufikiria saruji yoyote. Dentini iliyoguswa na uozo haishiki kama dentini nzima.

Mkishamaliza, ng'ata taratibu. Ukihisi kofia inatangulia kugusa kabla ya meno mengine, sema palepale, usiseme "itazoea". Siku hiyo kula ugali laini na samaki upande wa pili. Muwa, mahindi ya kuchoma na bazoka viache kwa muda, na ukisikia jino linauma usiku lenyewe bila kuguswa na baridi, rudi mapema, kwa sababu hapo tatizo litakuwa limehamia kwenye kiini.